Jaketi Lisilogawanywa

Kila msimu wa baridi nilikuwa nafumua kitu kile kile. Majaketi mazito kutoka Ulaya yalikuwa yanafika kwenye mtaa wa dunusa, pale katikati ya Johannesburg ambapo mitumba humwagwa chini na huwezi kuchagua bila kuinama. Jina lenyewe lina maana hiyo. Nilinunua yale yenye zipu nzima, nikayabeba hadi kwenye chumba changu cha ushonaji Rosettenville, na kabla ya kuwauzia wanawake wa saluni nilianza kwa kuyasafisha ndani. Mengi yalikuwa na kipande cha ziada kiunoni, kitambaa chembamba chenye lastiki na vifungo, kama sketi fupi iliyofichwa chini ya bitana. Sikujua kazi yake. Kilimfanya mvaaji aonekane mnene, wateja hawakukitaka, nami nilikikata kwa wembe na kukigeuza mifuko ya suruali za wanaume. Nilijivunia kazi hiyo. Jaketi lilitoka mikononi mwangu likikaa kiunoni kama limeshonwa kwa ajili ya huyo aliyelivaa.

Siku mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliporudi na habari za safari, nilikuwa na jaketi la namna hiyo mapajani na wembe mkononi. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2017, naye alikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule yake ilikuwa inapeleka wanafunzi wachache kwenye milima ya Eastern Cape wakajifunze kuteleza kwenye theluji. Waliochaguliwa ni waliofanya vizuri, na gharama ilibebwa na watu waliosoma pale zamani. Mlima ulikuwa ndani ya nchi, hakuna mpaka wa kuvuka, kwa hiyo karatasi zetu za ukimbizi hazikuwa kikwazo. Mbao za ski, viatu vyake na kofia ngumu vingekodishwa huko huko. Nguo tu ndizo kila mtoto alitakiwa aje nazo.

"Mwalimu amesema jinzi hapana," aliniambia. "Na pamba hapana, yaya, hata kidogo. Pamba ikishika maji inakaa nayo, unaganda." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Sasa mimi nitakushonea nini? Bati?"

Akacheka, akasogea na kunionyesha picha kwenye simu yake. Lilikuwa jaketi lililofunguliwa wazi, na kidole cha mtu kilikuwa kinaonyesha ile sketi ya ndani. "Hii ndiyo ya muhimu kabisa. Unaifunga kiunoni. Ukianguka, theluji haipandi mgongoni." Kisha macho yake yakashuka kwenye mapaja yangu, kwenye kile kipande nilichokuwa nimeshakikata nusu.

"Yaya," akasema taratibu. "Si ndiyo ile unakatanga?"

Niliweka wembe mezani. Nakumbuka kwamba sikuona aibu kwa ajili ya wateja. Nilichofikiri palepale ni kwamba katika nyumba yetu lilikuwepo jaketi moja zima, ambalo sikuwahi kuligusa kwa wembe, na sote watatu tulijua liko wapi.

Lilikuwa la mama. Baba alifia Bukavu, na mama ndiye aliyetuleta Afrika Kusini, mimi, mdogo wangu wa kiume, na huyu wa mwisho akiwa mgongoni. Msimu wake wa kwanza wa baridi hapa aliokota kwenye rundo la dunusa jaketi la rangi ya chungwa, kubwa, lenye mfuko mdogo wa plastiki kwenye mkono ambao hakuna aliyejua ni wa nini. Alilivaa kila asubuhi akienda kupanga nguo zake kando ya barabara. Ile sketi ya ndani aliifunga vifungo vyote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuinama, na upepo wa Joburg unamtafuta mtu aliyeinama. Mama alipofariki nilikuwa darasa la kumi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Sikurudi shule. Niliketi kwenye cherehani ya mama kabla hata wageni wa msiba hawajamaliza kuondoka, kwa sababu kulikuwa na sare za kwaya alizokuwa ameahidi, na watu wa kwaya walikuwa wanazisubiri.

Kwetu, nguo za marehemu hazichukuliwi hovyo. Siku ya kuondoa matanga, familia inakaa chini, na mtu wa upande wa baba, mara nyingi shangazi, anazigawa moja moja mbele ya wote. Hapo ndipo kilio kinafungwa. Kina mama wa kanisa walitaka kutufanyia hivyo, walikuja na moyo mzuri, nami nilikataa. Nilisema shangazi yuko Uvira, atakuja, tutamngoja. Kila kitu cha mama nilikitia kwenye begi la miraba, nikalifunga kwa kamba, nikalipandisha juu ya kabati. Lilikuwa bado liko pale.

Basi nilianza kutafuta jaketi lingine.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda upande wa kaskazini wa mji, kwenye duka la michezo ndani ya jengo lenye sakafu inayong'aa hadi unaona soli za viatu vyako. Kijana wa duka alizungumza na mdogo wangu kwa Kiingereza, naye akamjibu kama aliyezoea kununua vitu vya aina hiyo. Aliingia kwenye chumba cha kujaribia akatoka na jaketi la samawati na suruali yake. Nilimzunguka kama ninavyomzunguka mteja. Mabega yalikaa sawa. Kwapa lilikuwa na nafasi. Mikono ilifika pale inapotakiwa kufika. Sijawahi kumshonea kitu kilichomkaa vile, na nimemshonea nguo karibu zote alizovaa.

Akatazama kile kikaratasi cha bei kilichoning'inia mkononi. Akanitazama mimi.

"Inanibana, yaya."

"Wapi?"

"Hapa." Akagusa kifua, mahali ambapo ngumi yangu nzima ingeingia.

Kazi yangu ni kupima miili ya watu. Najua nguo inayobana, na najua mtoto anayemhurumia mtu mzima. Ningeweza kumwambia haikubani, tutaona cha kufanya. Nikasema, "Kweli, inakubana," akaingia kuivua. Hiyo sentensi nimeibeba muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Alipokuwa ndani niligeuza jaketi lingine kuona lilivyoshonwa. Juu ya kila mshono walikuwa wamebandika utepe mwembamba, umegandamana na kitambaa kama ngozi. Nilielewa bila kuelezwa. Walikuwa wanaziba matundu ya sindano. Nyumbani nilijaribu hata hivyo. Nilichukua kitambaa cha mwavuli mkubwa wa sokoni, kile kisichopitisha mvua, nikashona bega moja kwa mshono wangu mdogo kabisa, nikalishika juu ya beseni na kumwaga maji kwa kikombe. Kitambaa kilikataa maji. Mshono uliyakaribisha. Matone yalitoka yamejipanga kwenye mstari niliokuwa nimeunyoosha kwa uangalifu mwingi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, akaona, akaenda kuwasha jiko.

Tukaenda dunusa. Mama mmoja wa Soweto, ambaye nilikuwa nimenunua kwake kwa muda mrefu, alikuwa ameketi juu ya ndoo akinywa chai.

"Jaketi?" alisema. "Mwezi wa sita ndio umekumbuka? Majaketi yaliondoka wakati wewe ungali unashona nguo za Pasaka."

"Ni la huyu. Anakwenda kucheza kwenye theluji."

Akamtazama mdogo wangu kutoka kichwani hadi miguuni. "Eish. Baridi ya hapa, ya bure, haikutoshi, mtoto? Mpaka uifuate?"

"Wanafundisha, mama," mdogo wangu alijibu. "Kuteleza."

"Kuteleza hufundishwi. Njoo nyumbani kwangu asubuhi bomba likivuja, utateleza mpaka barabarani."

Tulicheka sote, na akaturuhusu kupindua rundo kutoka chini, jambo ambalo hakumruhusu kila mtu. Tulipata suruali ya zambarau iliyojazwa nyuzi za nailoni, yenye mikanda ya kupita mabegani. Mishono yake ilikuwa bado na utepe. Zipu tu ndiyo ilikufa, na zipu ni kitu ninachoweza. Tulipata glavu nene, moja ikiwa imechakaa kidogo kidoleni, na soksi za sufu ndefu hadi magotini. Majaketi tuliyoyapata yalikuwa mawili, yote mepesi, hakuna hata moja lililokuwa na sketi ndani. Mdogo wangu aliyafungua mwenyewe kuangalia, kisha akayakunja vizuri na kuyarudisha.

Tukirudi nilipita saluni ya jirani yangu, mwanamke wa Lubumbashi niliyemuuzia jaketi zuri mwaka uliotangulia. Alikuwa anasuka. Nilimwomba alifungue nione ndani, nikifikiri labda lile sikuwa nimeikata sketi yake.

"Mbele ya wateja wangu?" Lakini akainua mikono yenye mafuta, akanigeukia. "Haya, fungua mwenyewe. Angalia kazi yako. Ulitoa kila kitu, ukaniambia sasa nina kiuno."

Niliona mstari wa uzi wangu mahali sketi ilipokuwa. Ulikuwa mshono safi sana.

Jioni ile tulikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshavaa sare ya ulinzi, kwa sababu zamu yake katika jengo la ofisi huko Braamfontein ilikuwa inaanza karibuni. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akila haraka kana kwamba kuna mtu anamwita. Suruali ya zambarau ilikuwa kwenye kiti cha nne. Aliishika, akaivuta mikanda.

"Hii ni ya fundi wa umeme au ya kwenda kucheza?"

"Ya ski," mdogo wetu wa mwisho akasema. "Bado jaketi."

"Utapata."

"Hatupati. Tumezunguka kote." Akakanda tonge ambalo hakulila. "Na ile ya mama?"

Kaka yake aliacha kula. Mimi nilikuwa nimejua kwamba swali lile litakuja, nilikuwa nimelisikia tangu kwenye ile picha ya simu, na bado nilitazama sahani.

"Ile haijagawanywa," kaka yake akasema.

"Najua haijagawanywa. Nauliza nani atagawa?"

"Shangazi."

"Shangazi ambaye mimi sijamuona hata siku moja."

"Alikubeba ukiwa mtoto."

"Sikumbuki. Na mama pia simkumbuki vizuri, mnajua? Ninyi mko na mama kichwani. Mimi niko na begi juu ya kabati."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja mahali kitu kilipo. Kaka yake alisukuma kiti, akachukua kofia yake.

"Yaya," akaniambia mimi, si yeye, "ile jaketi iko na mwenyewe. Ukiitoa peke yako, unaiba." Kisha akaenda kazini.

Kesho yake nilimpigia shangazi. Yeye ni dada mkubwa wa baba, sauti yake kila mara inakuja ikiwa imetangulizwa na kuku na watoto wa majirani. Nilimweleza safari, theluji, jaketi. Ilibidi nieleze theluji kwa muda. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nguo ambayo haijagawanywa bado iko na mwenyewe," alisema. "Huwezi kumvika mtoto nguo ya mtu ambaye hatujamuaga. Mningoje. Nitakuja."

"Utakuja lini, shangazi?"

"Nikipata karatasi."

Hakuwa anadanganya. Tangu mazishi alikuwa anatafuta karatasi za kusafiria, na kila mara kuna kitu kilichokwama: ofisi imefungwa, barabara ina vita, mguu umevimba. Nilimshukuru nikakata simu. Lakini nikiwa nimeishika ile simu nilianza kuona jambo ambalo sikulipenda. Kungoja kulinifaa. Nilikuwa nimesema mbele ya kanisa zima kwamba ni heshima, na ilikuwa heshima, ila begi lile likiwa juu ya kabati mama alikuwa bado na vitu vyake humu ndani, na mimi nilikuwa tu namshikia nyumba. Mwenye kushika nyumba haulizwi mengi. Mtoto angeweza kukosa mlima kwa sababu yangu, nami ningesema ni kwa sababu ya mila.

Niliamua kwamba sitaiba. Jaketi halitatoka peke yake. Kama ni kugawa, tutagawa vyote, kama inavyotakiwa, na atakayegawa ni mimi.

Jumamosi mchana nilifunga chumba cha ushonaji, nikaenda nyumbani. Nilitandika kitenge kikubwa sakafuni, nikateremsha begi. Kamba ilikuwa imekauka, nikaikata. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu wa kiume saa na siku, naye alisema hatakuja. Alikuja. Alikuwa ametoka zamu bila kulala, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa kitenge akiwa amenipa ubavu.

"Utasema nini?" aliniuliza.

"Sijui. Nilishuhudia mara moja tu, ya babu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nyuma ya watu."

"Basi sema unachojua."

Nilisema kwamba mwenye nguo hizi ametutangulia, kwamba alizifanyia kazi kwa mikono yake, kwamba hatuzichukui kwa kugombania. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma kitu ambacho hakukiandika. Kisha nikaanza. Nilianza na mdogo wetu wa mwisho, kama ninavyoanza naye mezani siku zote, kwa sababu aliye mdogo ndiye hawezi kungoja. Nilichukua jaketi la chungwa kwa mikono miwili nikamwekea mapajani. Kaka yake nilimpa sweta la kijivu na skafu ambayo mama alikuwa anaifunga shingoni siku za upepo. Aliikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama leso, akaitia mfukoni mwa sare. Vitenge vizuri viwili nilivitenga kwa ajili ya shangazi, vipelekwe na mtu atakayesafiri. Nilijichukulia mwishoni. Kilichobaki kilikuwa gauni la nyumbani lililofifia kifuani na aproni yake ya kushonea. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na hakikuja, na hilo nalo niliona ni kosa langu, kama mtu aliyepika akasahau chumvi.

Tulimvika. Jaketi lilimmeza. Mama alikuwa mwanamke mpana, na mikono ilimshuka mtoto hadi kwenye kucha. Bila kufikiri nilikuwa nimeshatia pini tatu mdomoni na kushika chaki.

"Usikate," mdogo wangu wa kiume akasema.

"Sikati."

"Una chaki mkononi."

Nilitazama chaki. Ningeweza kulipunguza lile jaketi vizuri sana, lingemkaa kuliko lile la samawati. Lakini kila mahali ningepita sindano, maji yangepita nyuma yangu. Nikatoa pini mdomoni. Mikono tuliikunja kwa ndani na kuifunga kwa utepe wa kunatana uliokuwa tayari pale. Kisha nilipiga magoti mbele yake nikaifunga ile sketi ya ndani kiunoni, kifungo baada ya kifungo. Ilikuwa na vifungo vya ziada, mstari wa pili, karibu zaidi, kana kwamba aliyeshona alijua kwamba nguo hupita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ilimshika. Hewa ilibaki ndani.

"Ruka," nikamwambia.

Akaruka. Halikupanda.

"Anguka," kaka yake akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile sombe alikuwa karibu kutabasamu. Mdogo wetu alijitupa sakafuni juu ya kitenge, akabingirika mpaka kwenye miguu ya cherehani, akaomba tumwangalie mgongo kama umeonekana. Haukuonekana. Kabla hajalivua nilipekua mifuko yote, hata ule mdogo wa plastiki. Haikuwa na kitu. Mama hakuwa mtu wa kusahau kitu mfukoni.

Basi la shule liliondoka alfajiri ya Alhamisi. Watoto wengine walikuwa na nguo za kukodi, za rangi moja moja, na mdogo wangu alikuwa kama taa ya robot, ile ya kuongoza magari, katikati yao. Rafiki yake mmoja alimgusa mkono akasema kitu, wakacheka, nami nikakaza macho kujua kama anachekwa au wanacheka pamoja. Walikuwa wanacheka pamoja, nadhani. Alipanda bila kugeuka.

Jumapili, baada ya ibada, nilimpigia shangazi. Ningeweza kuacha. Uvira ni mbali, na hakuna ambaye angemwambia. Lakini vitenge vyake vilikuwa vimekunjwa mezani vikimsubiri msafiri, na sikutaka ajue kwa kuvipokea.

"Shangazi, tumegawa."

Kuku walisikika. Kisha akauliza, "Nani aligawa?"

"Mimi."

"Mlikaa chini?"

"Tulikaa. Sote watatu. Na fungu lako lipo, zuri kuliko yote."

"Sijauliza fungu langu." Alikohoa. "Nani alipokea kwanza?"

Nilimwambia ni mdogo wetu wa mwisho. Nilimwambia kwa kujiamini, kwa sababu hilo angalau nilidhani nimelifanya kwa upendo.

Nilimsikia akifukuza kuku.

"Mwanangu," alisema, "kwetu anaanza mkubwa. Anayepokea kwanza ndiye anakaa mahali pa marehemu. Wengine wanapokea nyuma yake, wakiwa watoto wake. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Ulikuwa nyuma ya watu, siku ya babu yako. Ungewezaje kujua." Sauti yake haikuwa kali, na ningependa ingekuwa kali. "Sasa umemkalisha mtoto mahali pa mama yenu. Wewe uliyewalea, wewe umejiweka mwisho."

Nilifikiri juu ya miaka yote niliyolala karibu na mlango ili wao walale ndani, na jinsi nilivyochukulia kwamba kuwa wa mwisho ndiyo kazi ya mkubwa, kila mahali, katika kila kitu. Nilikuwa nimempa mtoto joto, na ndani ya lile joto nilikuwa nimemfungia mzigo, kifungo baada ya kifungo, huku nikipiga magoti.

"Rudisha vitu kwenye begi," shangazi akasema. "Nikija tutafanya upya."

"Shangazi, jaketi limeshavaliwa. Liko kwenye mlima."

"Likitoka mlimani."

"Hapana," nikasema. Nilishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. "Samahani, shangazi. Sitamnyang'anya. Kama kuna kosa, andika kwangu."

"Mimi si mwandishi. Nakuambia tu mambo yalivyo." Kisha akavuta pumzi. "Basi kimekwisha. Mkubwa wa huko ni wewe, na wewe umesema. Vitenge nitumie kabla ya mvua." Akakata simu.

Jioni mdogo wangu wa kiume alinikuta bado nimeketi, nikamweleza. Alifikiri huku akifunga kamba za viatu.

"Usimwambie," akasema.

"Ni haki yake kujua."

"Ana miaka kumi na mitatu, yaya. Mwache, kwake iwe jaketi tu."

Nilikubali. Sijui kama nilikubali kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Basi lilirudi siku iliyofuata, mchana. Tulisimama pembeni ya lango la shule, mimi na kaka yake aliyekuwa ameacha usingizi wake. Jaketi la chungwa nililiona kabla ya uso. Kwa muda mfupi, kabla hajageuka, nilikuwa nimejiandaa kumwona mama. Aligeuka. Alikuwa na pua iliyoungua kwa jua, midomo iliyopasuka, na nywele zote zimetoka kwenye mistari.

"Nimeanguka," alisema kabla hata ya kutusalimia. "Nimeanguka sana. Mwalimu wa kule amesema mimi ndiye naanguka vizuri kuliko wote."

"Baridi iliingia?" nikamuuliza.

"Wapi?"

"Mgongoni."

Akafikiri kwa uaminifu, kama anayetaka kuwa na hakika. "Hapana. Haikuingia." Kisha akavua begi lake begani, zito kwa nguo zilizoloa, akaninyooshea bila kutazama kama nimelishika, akamgeukia kaka yake kuuliza kama nyumbani kuna chakula. Nililipokea begi, nikatembea nyuma yao.